Kompyuta ya Nyumbani Imekuwa Nzito: Tafuta Kinachoielemea Kabla ya Kupiga Windows Upya

Peleka kompyuta nzito kwa fundi, iwe Arusha au Moshi, na mara nyingi utajibiwa kabla hata haijawashwa: "Hii tupige Windows tu," yaani ifutwe na kuwekwa upya. Kuna siku dawa ni hiyo kweli. Ila mara nyingi Windows haina kosa lolote. Inapigwa upya, kompyuta inakuwa nyepesi kwa wiki mbili, kisha inarudi palepale. Tofauti ni kwamba safari hii picha za ubatizo wa mtoto na mahesabu ya duka vimekwenda na maji. Hilo linaniuma, maana chanzo kilikuwa kinaonekana kwenye skrini bila bisibisi wala shilingi, kama mtu angekaa mbele yake dakika tano akaangalia.

Nitafuata dalili. Nazungumzia Windows 10 na Windows 11, kwa kuwa ndizo utakazozikuta kwenye kompyuta nyingi za nyumbani huku kwetu, hasa za mtumba ambazo zilishafanya kazi maofisini ughaibuni kabla ya kufika dukani.

Kwanza, ni kompyuta au ni intaneti?

Zima Wi-Fi. Fungua Word, fungua folda yenye picha nyingi, cheza video iliyomo ndani ya kompyuta yenyewe. Vikifunguka bila kusuasua, kompyuta yako ni nzima na shida iko kwenye mtandao. Sogeza simu yenye hotspoti karibu na dirisha, au jaribu laini nyingine, na usimlipe fundi wa kompyuta kwa tatizo lisilo lake.

Ila kuna jambo moja ambalo kompyuta hulisababisha yenyewe. Windows ikiunganishwa kwenye hotspoti ya simu, inaweza kuichukulia kama Wi-Fi isiyo na kikomo ikaanza kushusha masasisho chinichini. Mtoto anahangaika kufungua matokeo ya NECTA, ukurasa haufunguki, na bando linaisha. Ingia Settings, kisha Network & internet, fungua Wi-Fi unayotumia na uwashe Metered connection. Masasisho makubwa yatasubiri. Yasisubiri milele tu: siku ukipata Wi-Fi ya uhakika, yaache yashuke yote.

Angalia kilichojaa

Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Task Manager itafunguka. Ikija ndogo, bonyeza More details. Utaona safu nne zenye asilimia: CPU, yaani prosesa, Memory, yaani RAM, Disk, yaani diski, na Network. Usizisome kompyuta ikiwa imetulia. Ipe ile kazi inayoishinda, ndipo usome.

Kompyuta ikielemewa, kwa kawaida kuna kitu kimoja kimejaa na vingine vinakisubiri. Ukikijua hicho kimoja, umeshapita nusu ya kazi.

Mwalimu mmoja wa Pasua alikuwa ameshakata tamaa na laptopu yake, anasema imezeeka, atafute nyingine. Skrini ilisema hivi: CPU asilimia 9, Memory 58, Disk 100. Tukafungua Performance, kisha Disk 0. Kasi ya kusoma ilikuwa MB 1.1 kwa sekunde. Average response time, milisekunde 2,300. Maana yake prosesa ikiomba kipande kidogo cha faili, inangoja zaidi ya sekunde mbili kukipata. Prosesa yenyewe ilikuwa i5, yenye nguvu ya kutosha, imekaa bila kazi. Kupiga Windows upya hapo kungekuwa kuitwisha diski ileile iliyochoka mzigo wa kuandika kila kitu kuanzia mwanzo.

Inawaka kwa dakika nyingi, na Disk iko 100

Hii ndiyo dalili inayojitokeza kuliko zote, kwa hiyo nitakaa nayo.

Hadi diski (hard disk) ya kawaida ya laptopu ni sahani inayozunguka, mara nyingi mizunguko 5,400 kwa dakika, na mkono mwembamba unaokwenda huku na huku kusoma. Faili moja kubwa lililokaa mahali pamoja inalisoma vizuri, pengine MB 100 kwa sekunde. Lakini Windows inapowaka haiombi faili moja kubwa. Inaomba maelfu ya vifaili vilivyotawanyika, na mkono ule unakuwa kama mtunza stoo anayeagizwa vitu mia, kimoja kimoja, kila kimoja kwenye kona yake. Kasi inashuka hadi MB moja hivi. SSD, yaani diski ya kisasa inayohifadhi kwenye chipu, haina sahani wala mkono. Ya aina ya SATA husoma hadi karibu MB 500 kwa sekunde, na vifaili vilivyotawanyika haviipi shida.

Kabla ya kufikiria kununua, pima afya ya diski uliyo nayo. Kuna programu ya bure inayoitwa CrystalDiskInfo. Ukiifungua, juu kabisa kuna neno moja lenye rangi: bluu na Good, au njano na Caution, au nyekundu na Bad. Chini kuna orodha. Tazama mistari ya 05, C5 na C6. Hiyo inahesabu sehemu za diski zilizoharibika au zinazoshindwa kusomeka. Pia tega sikio karibu na laptopu, chumba kikiwa kimya. Mlio wa tik, tik, tik unaojirudia wakati kompyuta imeganda ni diski inayojaribu kusoma mahali ikashindwa, ikajaribu tena.

Ukiona Caution, au ukisikia mlio huo, acha kila kitu uhamishe mafaili. Usiendeshe chkdsk na /r (amri ya kukagua diski nzima), usifanye defrag (kupanga upya mafaili), usikubali Windows ipigwe. Vyote hivyo vinailazimisha diski inayokufa kusoma na kuandika kwa saa nyingi, na wengi hapo ndipo wanapopoteza kila kitu. Anza na visivyoweza kupatikana tena: picha, vyeti vilivyoskaniwa, hati za kiwanja, kazi za wanafunzi. Nyimbo na filamu ziwe za mwisho. Ikiganda katikati, izime, iache ipoe, endelea ulipoishia. Mafaili yakishakuwa salama ndipo mzungumzie diski mpya.

Kwenye kompyuta ya mezani, angalia pia mstari wa C7. Ukiwa na namba inayopanda huku 05, C5 na C6 zikiwa sifuri, kinachoshukiwa kwanza ni waya wa SATA unaounganisha diski na ubao mama. Huo ni waya wa bei ndogo sana. Ubadilishe kwanza, kisha uone kama namba imesimama.

Diski hizi huku kwetu zinaumizwa hasa na mambo mawili. Moja ni umeme kukatika ghafla kwenye kompyuta ya mezani isiyo na UPS. Watu husema "umeme mdogo ndio unaoifanya iwe nzito," lakini sivyo. Umeme ukishuka sana kompyuta inazima, haiwi nzito. Madhara yako kwenye kule kuzimika: faili linakatwa likiwa linaandikwa, mpangilio wa diski unavurugika, na Windows ikiwaka inaanza kujitengeneza, Disk ikiwa 100 kwa muda mrefu. Stebilaiza haisaidii kwa hilo, kwa sababu haihifadhi umeme. UPS ndogo inayokupa dakika kumi za kuzima kwa utaratibu inatosha.

La pili ni bodaboda. Mtu anafunga mfuniko wa laptopu, anaitia kwenye begi palepale kabla haijalala, anapanda nayo Uru au Kibosho kwa barabara ya mawe. Sahani bado inazunguka na mkono uko juu yake. Kama laptopu yako ina hadi diski ya kuzunguka, izime kabisa na usubiri taa zizimike kabla ya kuibeba.

Sasa, kama diski ni nzima na ni ya kuzunguka, ushauri wangu hauna mashaka: weka SSD. Ukiwa na fedha ya kubadilisha kitu kimoja tu kwenye kompyuta ya zamani, ianze SSD, RAM ifuate baadaye. SSD ya inchi 2.5 inaingia kwenye tundu lilelile la hadi diski. GB 240 au 256 zinaitosha nyumba nyingi. Diski ya zamani, ikiwa nzima, inatiwa kwenye kasha la USB na kuwa ya kuhifadhia picha. Kama Windows yako iko safi, fundi anaweza kuihamisha jinsi ilivyo kwa programu ya kunakili diski, bila kupoteza hata kifaili.

Wakati wa kununua, beba laptopu yenyewe. Baadhi hazina tundu la inchi 2.5 bali zinatumia M.2, yaani SSD ya umbo la kadi nyembamba, na M.2 ziko za SATA na za NVMe, njia mbili tofauti za kuzungumza na kompyuta. Zinafanana kwa sura lakini si kila mashine inakubali zote. Jihadhari pia na SSD inayodai TB 2 kwa bei ya GB 256. Zipo bandia zinazoidanganya Windows kuhusu ukubwa wake: unaandika, unaandika, zinapojaa kweli zinaanza kufuta ulivyoweka mwanzo. Programu ya bure ya H2testw inaandika diski nzima kisha inaisoma tena na kukuambia ukubwa wa kweli. Iendeshe ikiwa bado ina garantii na haijawekwa kitu.

Neno moja kwa wanaorudi nyumbani Desemba. Kompyuta ya wazee iliyokaa miezi bila kuwashwa lazima iwe nzito siku ya kwanza: inashusha masasisho, inakagua virusi, inapanga upya orodha ya mafaili. Iache imewaka usiku mmoja ikiwa na mtandao, halafu iangalie asubuhi. Usiihukumu Krismasi ile ile uliyofika.

Diski C imejaa

Fungua This PC. Mstari wa C ukiwa mwekundu, umepata angalau sehemu ya jibu. Windows inahitaji nafasi ya kupumulia, na SSD nazo hupungua kasi zikijaa pomoni. Acha walau asilimia 15 wazi. Settings, System, Storage itakuonyesha kilichokula nafasi. Anza na folda ya Downloads, halafu video zilizoshushwa kutoka WhatsApp, halafu Temporary files. Usifute chochote ndani ya folda ya Windows kwa mkono.

Inaganda ukifungua vitu vingi, na Memory iko juu ya 85

RAM ikijaa, Windows huanza kutumia diski kama RAM ya akiba. Kwenye hadi diski ya kuzunguka hapo ndipo kila kitu kinasimama, na unaweza kudhani diski ndiyo mbovu. Kwa hiyo Memory na Disk zikipanda pamoja, shughulikia Memory kwanza.

Bonyeza neno Memory juu ya safu ili kilicho kikubwa kipande juu. Mara nyingi ni brauza yenye kurasa ishirini zilizoachwa wazi. Zifunge. Kisha fungua sehemu ya Startup: hapo ndipo zilipo programu zinazojiwasha zenyewe kila kompyuta inapowaka. Za mikutano, za muziki, za michezo, vifaa vya printa iliyokwishakufa. Bonyeza kulia kwenye usiyoihitaji, chagua Disable. Hujaifuta, umeizuia tu isijiwashe. Usiguse kinga ya virusi wala vitu vya sauti na padi ya kugusa.

Halafu fungua Performance, CPU, usome Up time. Mtu atakuapia kwamba anazima kompyuta kila siku, na pale panasema siku 26. Hasemi uongo. Kwenye kompyuta nyingi Windows ina Fast Startup: ukichagua Shut down inahifadhi sehemu yake ya ndani kwenye diski ili iwake haraka kesho, na uchafu wa wiki nzima unahifadhiwa nayo. Restart ndiyo inayoanza upya kweli. Chagua Restart mara moja kwa wiki, na kila inapoanza kuchoka bila sababu.

Ukiona GB 4 ni chache, na kwa Windows 10 au 11 pamoja na brauza ni chache kweli, soma Performance, Memory. Slots used: 1 of 2 maana yake kuna nafasi ya kuongeza. Usinunue RAM kwa kukisia. DDR3 na DDR4, ambazo ni vizazi tofauti vya RAM, haziingiliani kabisa, hata pengo lake limekaa tofauti. DDR3 na DDR3L zinaingia tundu moja, lakini ya kwanza hutumia volti 1.5 na ya pili 1.35, na laptopu nyingi za Intel kizazi cha nne hutaka DDR3L. Chomoa iliyopo, nenda nayo dukani.

Na kama umeongeza RAM hadi GB 8 halafu Windows inakuonyesha kama GB 3 tu za kutumia, tazama Settings, System, About. Ikisema 32-bit, umempata mchawi: Windows ya biti 32 haiwezi kutumia zaidi ya GB 4, na kwa kawaida inaishia pungufu ya hapo. Hapa ndipo kupiga Windows upya, ya biti 64, ni jibu sahihi.

Programu zinazojitangaza kwamba "zinaongeza RAM" au "zinasafisha kompyuta kwa kubofya mara moja" ziache. Nyingi zinajiwasha zenyewe na kuwa mzigo mwingine.

Asubuhi nyepesi, alasiri nzito

Fanya kazi ileile saa moja asubuhi, kisha uifanye saa tisa alasiri. Kama asubuhi inakwenda na alasiri inaburuta, feni ikilia muda wote, hilo ni joto. Prosesa ikikaribia nyuzi 90 au 100, kutegemea aina yake, hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Arusha, iliyo takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, inakuonea huruma kidogo. Moshi iko chini zaidi, na mchana wa Januari na Februari joto hupita nyuzi 30. Kwenye chumba chenye bati bila dari ni zaidi ya hapo, kompyuta hata haijaanza kujipasha moto.

Lakini hali ya hewa inaongezea tu. Kinachoua ni vumbi. Fungua mfuniko wa chini wa laptopu iliyokaa miaka miwili kando ya barabara ya vumbi, iwe Sombetini au Njoro, na utazame kati ya feni na yale mapezi membamba ya shaba inakotokea hewa. Feni yenyewe inaweza kuonekana safi. Lakini upande wa ndani wa mapezi kuna utando wa kijivu, mnene, ulioshikamana hadi unaweza kuuondoa mzima kwa koleo ndogo. Feni inazunguka, hewa haipiti. Ndiyo maana kupuliza kutoka nje kupitia tundu hakutoshi: unausukuma utando urudi ndani, kisha feni inaurudisha mahali pake.

Zima kompyuta, chomoa chaja, chomoa betri kama inatoka. Ondoa utando kwanza, ndipo upulize kwa blowa. Wakati wa kupuliza, shikilia feni kwa kidole au kijiti isizunguke. Blowa inaweza kuizungusha kuliko uwezo wake na kuharibu beringi zake. Hakuna kitambaa chenye maji. Kama laptopu ina miaka zaidi ya minne na haijawahi kufunguliwa, fundi abadilishe na ile pesti ya kijivu iliyoko kati ya prosesa na chuma cha kupozea, maana hukauka na kuwa kama chokaa. Kazi hii ni ya nusu saa kwa fundi mzoefu, na kompyuta hurudi kama nyingine kabisa.

Baada ya hapo, laptopu isiwekwe juu ya kitanda wala kochi. Matundu ya hewa yako chini. Ubao mgumu, hata sinia, unatosha.

Nzito muda wote, na hakuna kilicho wazi

Hii watu wengi hawaijui, na mafundi wengi nao wanaipita. Diski ni SSD, RAM iko ya kutosha, kompyuta haina joto, lakini hata kishale cha kipanya kinavuta miguu. Fungua Performance, CPU. Soma Base speed, kisha soma Speed wakati kompyuta inafanya kazi. Base speed ikiwa GHz 2.40 na Speed imeganda kwenye 0.78, haipandi hata ukifungua vitu kumi, prosesa imefungwa breki.

Sasa chomoa chaja, ibaki kwenye betri. Speed ikiruka juu ndani ya sekunde chache, mshukiwa wako ni chaja.

Laptopu nyingi za Dell, kwa mfano, huzungumza na chaja kupitia ile sindano nyembamba iliyo katikati ya kichwa cha waya. Chaja inajitambulisha: mimi ni ya wati 65. Sindano ikipinda, waya wake wa ndani ukikatika, au chaja ikiwa bandia isiyojua kujitambulisha, laptopu inaona umeme upo lakini haiuamini. Inakataa kuchaji betri na kuishusha prosesa hadi chini kabisa. Wakati wa kuwaka huenda ikatoa ujumbe kwamba aina ya chaja haijulikani, na watu wanabonyeza Enter kila siku bila kuusoma. Chaja ya wati 45 kwenye mashine inayotaka 90 inaweza kuleta hali hiyohiyo. Linganisha namba zilizoandikwa chini ya laptopu na zilizo kwenye chaja, na ujaribu na chaja ya mtu mwingine ya aina hiyo kabla ya kununua. Betri iliyokufa nayo huweza kuishusha mashine hivyo. Ukiwa hapo, hakikisha pia kwamba Power mode haijaachwa kwenye kubana matumizi.

Nawasisitizia wazazi hili, maana laptopu ya mtumba mara nyingi inauzwa na chaja isiyo yake. Umeilipia mashine nzuri na unatumia theluthi ya nguvu yake.

CPU iko juu bila wewe kufanya chochote

Panga safu ya CPU uone nani yuko juu. Ikiwa ni Windows Update au Antimalware Service Executable, ambayo ni kinga ya Windows yenyewe, ipe muda imalize. Ikiwa umeweka kinga mbili za virusi kutoka kampuni tofauti, ondoa moja. Zinakaguana na kila faili linapimwa mara mbili.

Feni ikilia kompyuta ikiwa imetulia, kisha ikanyamaza mara tu unapofungua Task Manager, shuku kirusi. Viko vinavyochimba sarafu za kidijitali kwa kutumia prosesa yako na kujificha vikiona unatazama. Mara nyingi vinaingia na Office au michezo iliyovunjwa kufuli, ile ambayo maelekezo yake yanakuambia uzime kinga kwanza. Yeyote anayekuambia uzime kinga ili programu yake iingie, mkatae. Fungua Windows Security, Virus & threat protection, Scan options, uchague ule ukaguzi wa Offline. Kompyuta itajiwasha upya na kukagua kabla Windows haijaamka, kirusi kikiwa hakina pa kujificha.

Flashi iliyotoka steshenari ikiwa na alama za mkato (shortcut) badala ya folda zako, usizibofye. Folda zako kwa kawaida bado zimo, zimefichwa tu. Ikague kwanza kwa kinga ya Windows, kisha fungua Command Prompt, dirisha la kuandikia amri, uandike hivi, E ikiwa ndiyo herufi ya flashi:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Folda zitaonekana tena. Hamisha vilivyo vyako, futa zile alama za mkato, kisha iformati flashi.

Umefika mwisho na bado nzito

Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika sfc /scannow, uiache imalize. Inarekebisha mafaili ya Windows yaliyoharibika, kwa mfano baada ya umeme kukatika. Kirusi kikiwa hakitoki, au mafaili hayo yakishindwa kurekebishika, sasa ndiyo wakati wa kupiga Windows. Diski ni nzima, umeipima. Hakikisha tu mafaili yamehifadhiwa sehemu mbili, si moja.

Msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025; kwa watu wa nyumbani wanaojiandikisha, Microsoft imeweka mwaka mmoja zaidi wa masasisho ya usalama. Windows 11 rasmi inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama), RAM ya GB 4, diski ya GB 64, na kwa Intel kwa kawaida kizazi cha nane kwenda juu. Kompyuta ya chini ya hapo inaweza kulazimishwa kwa ujanja, lakini siishauri kwa mashine yenye GB 4 na hadi diski ya kuzunguka. Utakuwa umeongeza uzito. Kama kazi zako ni brauza, barua na mahesabu, iombe Linux Mint ya Xfce, mfumo mwepesi wa bure unaokaa badala ya Windows, kwenye flashi. Inawaka kutoka kwenye flashi bila kugusa chochote ndani, unaijaribu jioni moja na watoto, mkiipenda ndipo mnaiweka.

Kuna laptopu ndogo moja ambayo ushauri wangu mwingi hauifai: ile yenye eMMC (hifadhi ya chipu badala ya diski) ya GB 32 iliyochomelewa kwenye ubao mama, pamoja na RAM yake. Haibadilishiki. Ukiwa bado uko dukani, uliza kama diski na RAM zinabadilishika kabla ya kulipa.

Na ukienda kwa fundi, nenda na picha za Task Manager ulizopiga kwa simu, pamoja na picha ya lebo za diski na RAM. Mwambie, "Kaka, Disk inakaa 100 na response time ni hii, naomba tuanzie hapo." Fundi mzuri atafurahi, umemwokolea nusu ya siku. Mkikubaliana kubadilisha kitu, kile cha zamani akurudishie mkononi, hasa hadi diski. Picha zenu na nywila zenu bado zimo humo, hata kama haiwaki.